Dola, Yuan na Pesa Inayobaki Mkononi

Oktoba 2025 Wizara ya Fedha ya Kenya ilitangaza kwamba mikopo mitatu ya reli ya kisasa, SGR, kutoka Benki ya Exim ya China imehamishwa kutoka dola hadi yuan. Waziri John Mbadi alisema hatua hiyo itaiokolea nchi takriban dola milioni 215 kila mwaka, kwa kuwa riba ya dola ilikuwa imepanda mno na ya yuan iko chini. Hapa Kisumu, ambako reli hiyo inangojewa tangu ilipokomea Naivasha mwaka 2019, habari hizo zilipokelewa kwa furaha za aina mbili. Wapo waliofurahia nafuu ya deni. Na wapo, nadhani ndio wengi, waliozisoma kama tangazo la msiba: dola inakwisha, zamu ya China imefika, na Kenya imewahi kiti cha mbele.

Kundi la kwanza lina haki kabisa. Kundi la pili ndilo lililonifanya niandike. Sina ugomvi na hamu yao, maana dola imetuumiza, na nitafika huko. Lakini kuna hoja moja ambayo kila ikitajwa mjini hapa anayeitoa huonekana kibaraka wa Marekani, wakati haihusu mapenzi kwa Marekani hata kidogo. Hoja yenyewe ni kwamba sarafu hutawala biashara ya dunia pale aliyeipokea hapati taabu ya kuitumia kesho, kwa mtu mwingine, katika nchi nyingine. Ukubwa wa nchi na ubabe wake huja nyuma ya hilo. Umeshauza, umeshalipwa, pesa inayobaki mkononi utaipeleka wapi?

Tazama yaliyowapata Warusi. Baada ya uvamizi wa Ukraine Februari 2022 na vikwazo vilivyofuata, India iligeuka kuwa mmoja wa wateja wakubwa wa mafuta ya Urusi. Nchi hizi ni marafiki wa miaka mingi, zote ni wanachama wa BRICS, umoja wa nchi kama Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini, na zote zilitamani kufanya biashara bila kupitia dola. Sehemu ya malipo ikafanywa kwa rupia. Kufikia Mei 2023 waziri wa mambo ya nje wa Urusi, Sergei Lavrov, akiwa Goa, alikiri hadharani kwamba nchi yake ina mabilioni ya rupia katika benki za India na kwamba ili kuzitumia ni lazima kwanza zigeuzwe kuwa sarafu nyingine. India hununua mengi kwa Urusi, Urusi hununua machache India, na rupia nje ya India haina pa kwenda kwa urahisi. Urafiki ulikuwepo, nia ya kisiasa ilikuwepo, mafuta yalikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kuipeleka pesa iliyobaki.

Mimi narudi kwenye mfano huu kila mara kwa sababu mikutano yote ya BRICS huzungumzia namna ya kulipa, na ni nadra kusikia wakizungumzia yule aliyelipwa.

Mtu wa huku magharibi anaweza kuliona jambo hili Busia bila kusafiri zaidi. Pale mpakani wabadilishaji pesa wamesimama na mabunda yaliyofungwa kwa mipira, kikokotoo mkononi, wakiwaita madereva wa malori na akina mama wanaovuka na mizigo. Muuzaji wa maharagwe au mayai kutoka upande wa Uganda hupokea shilingi ya Kenya bila kusita. Mwananchi wa Nambale akienda kununua upande wa pili mara nyingi hana haja ya kubadilisha chochote. Lakini jaribu kulipa kwa shilingi ya Uganda sokoni Kibuye, hapa Kisumu, uone utakavyotazamwa. Hakuna sheria iliyosema iwe hivyo. Yule muuzaji wa maharagwe anajua kwamba akivuka hatua mia moja atapata sabuni, mafuta ya kupikia, saruji, mabati na vipuri, vyote kwa shilingi hiyo hiyo. Pesa yake ina pa kwenda. Kwa kipimo cha Busia, shilingi ya Kenya ndiyo dola, na imepata hadhi hiyo bila jeshi na bila tamko la rais yeyote.

Sasa tuupime mkopo wa reli kwa kipimo hicho. China inatuuzia vitu kuliko karibu nchi nyingine yoyote: mitambo, simu, vyuma, vitambaa, hata samaki wa kugandishwa wanaoshindana na wa ziwa letu. Sisi tunaiuzia kidogo sana: chai kiasi, parachichi zilizoanza kwenda mwaka 2022, na madini. Basi yuan za kulipia deni zitatoka wapi? Fedha za kigeni zinazoingia Kenya ni dola za chai, yuro za maua, dola za watalii, na juu ya yote pesa za ndugu zetu walio ng'ambo, ambazo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, zaidi ya nusu yake ikitoka Marekani. Kwa hiyo nesi wa Kisumu anayefanya kazi Texas atatuma dola, benki itazinunua, na mahali fulani njiani sehemu ya dola hizo itabadilishwa kuwa yuan ili ilipie reli. Deni limehama kutoka dola; mapato ya kulilipa hayajahama. Nafuu ya riba ni ya kweli na Waziri alistahili kuitafuta. Ila yuan ikipanda dhidi ya dola, nafuu hiyo italiwa kidogo kidogo, na hatutakuwa na mauzo China ya kutukinga.

Wanaotabiri kifo cha dola hutumia sana historia ya pauni, na wana haki ya kuitumia. Naomba tu isomwe yote. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeupita wa Uingereza kabla ya karne ya 19 kwisha. Hata hivyo mfanyabiashara wa pamba wa New Orleans aliendelea kutafuta mkopo wa shehena yake London, kwa pauni. Marekani haikuwa na benki kuu mpaka sheria ya 1913. Haikuwa na soko ambapo hati ya deni la biashara ingeuzwa asubuhi na pesa kupatikana jioni, na London ilikuwa nalo. Ukubwa ulitangulia, sarafu ikachelewa kwa miaka zaidi ya arobaini. Kisha vikaja Vita vya Kwanza, na Uingereza ikageuka kutoka mkopeshaji hadi mkopaji. Katika miaka ya 1920 dola na pauni zikawa bega kwa bega. Mwaka 1925 Waingereza walirudi kwenye dhahabu kwa bei ya zamani ya dola 4.86 kwa pauni, bei iliyokuwa ghali kwa viwanda vyao, na Septemba 1931 wakashindwa. Mkutano wa Bretton Woods wa 1944 uliandika tu lililokuwa limeshatokea: dola ifungwe kwenye dhahabu kwa 35 kwa aunsi, na wengine wajifunge kwenye dola.

Hata hapo pauni haikufa, na sisi ni mashahidi. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa kwenye pauni chini ya Bodi ya Sarafu iliyokaa London. Uingereza iliposhusha pauni mwaka 1949 kutoka dola 4.03 hadi 2.80, mkulima wa pamba wa Nyanza alishushwa pamoja nayo bila kuulizwa. Kisha ikaja Novemba 1967. Uingereza ikashusha tena, kutoka 2.80 hadi 2.40. Safari hii Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na benki kuu zao, changa kabisa, ya kwetu ikiwa na mwaka mmoja na miezi. Zilikataa kufuata. Pauni moja iliyokuwa na thamani ya shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14.

Tarehe hii kwangu ina uzito kuliko ya Bretton Woods. Akiba yetu kwa sehemu kubwa ilikuwa imewekwa kwa pauni. Kila pauni milioni moja iliyokuwa London ililala ikiwa shilingi milioni 20 na kuamka ikiwa milioni 17 na laki moja unusu hivi. Nchi ambayo haikuwa na miaka minne ya uhuru ilipoteza asilimia 14 ya kila kilichokuwa katika sarafu hiyo, kwa uamuzi uliofanywa na watu wasioijua njia ya kwenda Maseno. Na haikuwa peke yake. Kila aliyeweka akiba kwa pauni aliumia. Wote wakaanza kutafuta mlango. Mwaka uliofuata, 1968, Uingereza ililazimika kutia saini mapatano huko Basel, ikiwaahidi wenye akiba za pauni kwamba itawadhaminia thamani yake kwa dola. Sarafu inayohitaji kudhaminiwa kwa sarafu nyingine imeshatoka kitini, hata kama bado imevaa joho. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shilingi ya Kenya ikaiacha pauni na kufungwa kwenye dola.

Dola ilifaidika na hayo yote. Lakini waliotutoa kwenye pauni ni wenye pauni wenyewe, kwa madeni yao ya vita na kwa kuwaumiza waliowaamini. Vivyo hivyo kwa Waholanzi kabla yao: Benki ya Amsterdam, iliyoanzishwa 1609 na kuaminiwa na wafanyabiashara wa Ulaya nzima, ilidhoofika mwishoni mwa karne ya 18 baada ya kuikopesha Kampuni ya India Mashariki ya Uholanzi kupita kiasi.

Hapo ndipo naiona yuan ikiwa na safari ndefu, na sababu si udogo wa China. China imeamua kwa makusudi kwamba pesa haitaingia na kutoka nchini kwa uhuru. Ina sababu nzuri. Ilitazama mgogoro wa Asia wa 1997 ukiangusha majirani zake. Kati ya 2014 na mapema 2017 akiba yake ya fedha za kigeni ilipungua kutoka karibu dola trilioni 4 hadi karibu trilioni 3 watu walipokuwa wakikimbiza mali zao nje, nayo ikakaza malango. Mimi ningekuwa Beijing huenda ningefanya hivyohivyo. Lakini benki kuu ya nchi nyingine ikiangalia lango lililofungwa mara moja hujiuliza kama litafunguliwa siku yenyewe itakapohitaji kutoka. Yuan iliingizwa rasmi katika kapu la sarafu za Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, Oktoba 2016, na hadi leo ni asilimia 2 hivi ya akiba za dunia. Dola ilikuwa asilimia 71 miaka ishirini na tano iliyopita. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa takriban 58. Hilo ni anguko na halifai kudharauliwa. Ila pengo hilo limejazwa zaidi na kundi la sarafu ndogondogo kama dola ya Kanada na ya Australia, na benki kuu nyingi zikanunua dhahabu. Na katika soko la kubadilisha fedha, hesabu ya mwaka 2022 ya Benki ya Malipo ya Kimataifa ilionyesha dola ikiwa upande mmoja wa asilimia 88 ya mabadilishano yote.

Niwape basi haki yao wanaoichukia dola, maana hawazungumzi hewani. Machi 2022 riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa karibu sufuri. Kufikia Julai 2023 ilikuwa imepita asilimia 5, kwa ajili ya kudhibiti bei za vitu Marekani. Pesa za dunia zikarudi huko. Shilingi yetu, iliyoanza 2022 ikiwa 113 kwa dola, ilivuka 160 Januari 2024. Petroli Nairobi ilifika shilingi 217 na senti 36 Oktoba 2023, na huku magharibi hali ilikuwa hiyo hiyo. Kijana wa bodaboda pale Kondele hakuwa na hatia yoyote katika mfumuko wa bei wa Marekani, lakini aliulipia kila alipoingia kituo cha mafuta.

Kuna jambo jingine ambalo lingewauma zaidi wakulima wa Kericho kama lingesimuliwa vizuri. Pakistan ndiyo mteja mkubwa wa chai yetu. Mwishoni mwa 2022 na mapema 2023 iliishiwa dola, na makontena ya bidhaa, chai ikiwemo, yakakwama bandarini Karachi. Mnywaji wa chai wa Lahore anaitaka, mkulima wa Kericho anayo, na biashara inakwama kwa kukosa sarafu ya nchi ya tatu isiyokunywa chai hiyo. Ukiongeza kwamba mwaka 2022 akiba ya Urusi ya dola bilioni 300 hivi ilizuiwa kwa uamuzi wa serikali za Magharibi, ni waziri gani wa fedha asiyejiuliza kama naye anaweza kufikiwa? Simtetei aliyevamia nchi jirani. Nasema tu kwamba ahadi ya kuwa pesa yako utaikuta ilipo imetiwa masharti, na kila mtu ameyasoma.

Historia ya mji huu nayo inawapa nguvu. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901 ilikuja na rupia ya India: mishahara ya vibarua, bidhaa za madukani, kodi ya nyumba, yote kwa rupia. Ilikuja na biashara. Lakini serikali ya kikoloni ilipoiondoa kati ya 1920 na 1922, ikipitia florini na kuishia kwa shilingi iliyofungwa kwenye pauni, hakuna aliyepita Kibuye akitafuta maoni. Walowezi walilalamika kwamba thamani mpya ya rupia imepandisha madeni yao, na mwaka 1921 waajiri wakajifidia kwa kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Mkutano wa Lundha, Gem, wa Desemba mwaka huo, ulioanzisha harakati ya Piny Owacho, ulikuwa na mishahara hiyo miongoni mwa malalamiko yake, pamoja na kodi na kipande, kile kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kukibeba. Kwa hiyo mtu wa Nyanza akisema sarafu hubadilishwa na wenye mabavu, ana ushahidi wa babu yake.

Nakubali yote hayo, na bado naona hayajibu swali la nani atapokea nini mahali pa dola. Chai ya Mombasa inauzwa mnadani kwa dola tangu 1992. Mwenye kiwanda hataki rupia za Pakistan, wala mnunuzi wa Misri hataki kuweka shilingi zetu. Wote wawili wanajua dola itapokelewa na wa tatu na wa nne. Na dola hiyo haina upande hata hapa kwetu. Shilingi ilipopata nguvu 2024 na 2025, tulishangilia mafuta kushuka. Kule Kericho, Bomet, Kisii na Nyamira wakulima wakapokea bonasi iliyowakasirisha, na KTDA, shirika linalowauzia chai wakulima wadogo, ikataja, pamoja na kushuka kwa bei mnadani, kwamba dola imeshuka kutoka wastani wa shilingi 144 hivi hadi 129. Kilo iliyouzwa dola mbili na nusu inakuwa shilingi 360 kwa kiwango cha kwanza na 322 kwa cha pili. Wanaosema "tuachane na dola" wangemwambia nini mkulima huyo, ambaye ilipopanda ndipo alipolipa karo?

Kama dola itaanguka, nadhani itaangushiwa Washington. Moody's, kampuni inayopima uaminifu wa wakopaji, iliishusha daraja serikali ya Marekani Mei 2025. Mwaka huohuo rais wake alijaribu kumfukuza gavana mmoja wa Benki Kuu, jambo ambalo wenye hatifungani za Marekani huliangalia kwa hofu kuliko hotuba yoyote ya BRICS. Huo ndio mfano wa pauni ukisomwa mpaka mwisho.

Na sisi? Rais Ruto aliuliza Djibouti mwaka 2023 kwa nini wafanyabiashara wa nchi hizi mbili watafute dola ili kuuziana. Alikuwa sahihi, na mfumo wa malipo wa Afrika, PAPSS, uliozinduliwa Januari 2022, umejengwa kwa ajili hiyo. Sarafu moja ya Afrika Mashariki ilipangiwa 2024, ikasogezwa hadi 2031. Lakini PAPSS itamlipa muuzaji kwa sarafu yake siku hiyo, na mwisho wa hesabu benki kuu mbili zitabaki na tofauti ya kulipana, na tofauti hiyo bado hulipwa kwa dola. Njia ya kuipunguza ni moja: tununue kwa jirani kadiri tunavyomuuzia. Hapo ndipo tunapojiumiza. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hoja ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, kisha ikalegeza baada ya siku chache. Maziwa na kuku wa Uganda nao wamezuiwa mara kwa mara. Sumukuvu inaua na ipimwe, gunia kwa gunia. Ila kila tunapofunga mpaka mzima, tunamnyima Mganda njia ya kupata shilingi yetu, na asipoipata hana cha kununulia sabuni yetu isipokuwa dola.